Mama Mkwe Niliyempa Kadi ya Moja

Ijumaa, saa kumi na moja na nusu jioni. Ukungu umeshuka mpaka kwenye paa la jiko, na manyunyu hayajakatika tangu asubuhi. Miguu yangu ina matope, koo limekauka kwa kupiga kelele, na nimekaa kwenye kigoda naandika kwa kidole gumba huku sufuria la makande likichemka pembeni.

Nina habari mbili. Tumeshinda. Na mimi ni mjinga.

Nitaanza na ya ushindi, maana hiyo ya pili bado inaniuma.

Ninyi wasomaji wangu saba (wawili kati yenu ni mimi mwenyewe, kwa simu mbili) mnajua kwamba ninafundisha hisabati shule ya msingi huku juu milimani, na kwamba niliolewa huku miezi kumi iliyopita nikitokea Singida. Mume wangu, Eliamani, ni fundi majokofu mjini Same. Mimi naishi huku juu na mama yake, kwa sababu kazi yangu iko huku na nyumba yao iko huku. Kila Jumamosi asubuhi nabeba kibegi changu, nateremka Same kwa mume wangu, na Jumapili jioni napanda. Niliuona ni mpango usio na kasoro. Mimi huwa nahakiki hesabu zangu mara mbili.

Mama mkwe wangu ni mjane, mkulima wa tangawizi, mjumbe wa kamati ya shule, na mtu wa maneno machache. Kuna wanaosema mimi nazipenda namba kuliko watu. Si kweli. Watu nawapenda sana, ila namba hazinuni.

Sasa, huo ushindi. Wiki tatu zilizopita mkuu wetu wa shule alitangaza kwamba siku ya wazazi safari hii haitakuwa ya hotuba tu. Kutakuwa na mashindano ya mafumbo ya kujumlisha, wazazi wetu dhidi ya wazazi wa shule moja ya Makanya. Kila timu watu kumi, na kila mtu anavaa kadi shingoni, kuanzia moja mpaka kumi. Mwamuzi anataja jumla, tuseme ishirini na nne, halafu timu inaingiza watu kwenye duara lililochorwa kwa majivu mpaka kadi zilizomo zifikishe ishirini na nne kamili. Zisizidi, zisipungue. Timu inayowahi inapata pointi, na ya kwanza kufikisha pointi tatu inaondoka na sufuria jipya, lile kubwa la kupikia shule nzima. Sufuria letu la sasa lina kiraka, na kiraka kina tundu.

Nilikabidhiwa timu niifundishe. Nilifurahi mpaka nikasahau kuficha meno.

Kosa langu la kwanza nililifanya kabla sijafundisha chochote, siku ya kugawa kadi. Nilikata maboksi, nikayatoboa, nikatia kamba za katani. Mzee Mbonea akachukua kumi bila kuuliza mtu. Huyu ndiye msimamizi wa msaragambo hapa kijijini. Kwa ninyi wa mbali, msaragambo ni ile kazi ya pamoja ya Wapare: mfereji ukiziba au barabara ikikatika, pembe inapulizwa, kila mtu anatoka na jembe lake, na asiyetoka anatozwa jogoo. Mzee Mbonea ndiye mwenye pembe na ndiye anayekumbuka nani hakutoka. Mtu wa namna hiyo huwezi kumpa kadi ya nne.

Jirani yetu, Baba Nakijwa, akajichukulia tisa. Mimi nikagawa zilizobaki, na kwa mapenzi kabisa nikampa mama mkwe wangu moja. Nilifikiri hivi: kadi ya moja haiitwi mara nyingi, mama atakaa kwenye benchi apumzishe magoti. Nilijiona mkwe wa mfano.

Aliitazama kadi mbele. Akaigeuza akatazama nyuma, labda kuna nyingine imebandikwa. Akaivaa.

"Moja," akasema. "Haya, Mwalimu."

Tangu siku hiyo nyumbani hakuna ugomvi. Ningeshukuru ungekuwepo ugomvi. Kuna kimya. Nasema "Shikamoo Mama", naitikiwa "Marahaba" kavu, na mama anapita kwenda zizini, ambako namsikia akimuuliza ng'ombe ameamkaje. Chakula napakuliwa, tena kingi, maana mama hawezi kumnyima mtu chakula hata akiwa na hasira naye. Ila ananipakulia huku akiangalia ukuta. Jumapili nilimsikia akizungumza na dada yake kwenye simu, sauti imeinuliwa ili nami nipate fungu langu: "Ameniangalia weee, akaona natosha moja."

Kwa hiyo leo mimi sikuwa nagombea sufuria. Nilikuwa nagombea nyumba ninayolala. Nilijiambia kwamba tukishinda mama atacheka, na akishacheka mbele za watu hataweza kuninunia tena bila kuonekana.

Mazoezi yalikuwa Alhamisi alasiri. Mbinu yangu ya kwanza ni kongwe: anza na kubwa. Ukitajiwa ishirini na nne, usihangaike kuokota vidogo vidogo. Ingiza kumi, zimebaki kumi na nne. Ingiza tisa, zimebaki tano. Mwite Tano, umemaliza kwa watu watatu. Na usijiulize tumefika ngapi, jiulize zimebaki ngapi, kwa sababu inayobaki inazidi kuwa ndogo na kichwa kinapumua.

Waliitikia kwa vichwa. Nikapuliza filimbi: ishirini na nne!

Wakaingia wote kumi.

Nikaeleza upya, taratibu, kwa mfano wa maembe. Nikapuliza: kumi na mbili! Wakaingia wote kumi, safari hii kwa kasi zaidi, wakajipanga mstari na kunitazama kwa fahari. Hamsini na tano nzima imesimama kwenye majivu.

"Mwalimu," Mzee Mbonea akanielekeza kwa upole, kama mtu anayemsaidia mgeni kutafuta choo, "siku ya kazi hakuna anayebaki nyumbani."

Nikasema hii si kazi, ni fumbo, na fumbo linataka wengine wabaki nje. Wakakubali kwa heshima zote. Kilichofuata ni kwamba kila niliyembakiza nje alinifuata pembeni kunipa udhuru. Mama mwenye kadi ya sita alinieleza kwamba hakuingia kwenye kumi na mbili kwa kuwa nyumbani ana mgonjwa. Namba Tatu aliniomba nisimwandike, jogoo ataleta mwisho wa mwezi. Nilimwambia simwandiki popote. Hakuniamini.

Mbinu ya pili ni jozi za kumi: tisa na moja, nane na mbili, saba na tatu, sita na nne. Kumi anajitosheleza, na Tano hana mwenzi, maskini. Ukitajiwa thelathini unamwita Kumi na jozi mbili, basi, hujajumlisha hata kitu. Nikaanza kumpanga kila mtu na mwenzake. Hapo ndipo nikagundua jambo ambalo kijiji kizima kinalijua isipokuwa mimi: Tisa, yaani Baba Nakijwa, na Moja, yaani mama mkwe wangu, wana kesi. Ni kesi ya mgomba ulioota mpakani. Imeshafika baraza la kata, na kila mmoja ana nakala ya uamuzi ambayo akiisoma anaona ameshinda yeye. Nilishasikia utani kwamba Mpare atauza ng'ombe aendeshe kesi ya kuku, nikadhani ni utani. Mama aliitazama nafasi niliyomwonyesha ubavuni mwa Baba Nakijwa, akasema wao wawili watasimama pamoja siku ya hukumu ya mwisho, ile isiyo na rufaa.

Jozi ya tisa na moja ikafa hapo hapo.

Mbinu ya tatu ni ya kujichunga: witiri na shufwa. Jumla ikiwa witiri, mathalani thelathini na moja, angalia kadi za witiri mlizoingiza. Lazima ziwe moja, au tatu, au tano. Mkiona ziko mbili au nne, msipoteze muda kujumlisha, mmeshakosea. Hii waliipokea vizuri kuliko zote. Mzee Mbonea tu ndiye aliyetaka kujua nani aliipitisha sheria hiyo na katika kikao gani.

Basi, ndivyo tulivyoingia vitani.

Leo saa nne wageni wakafika. Walipanda mlima na lori linalobeba jasi, na aliyelifagia hakulifagia, kwa hiyo walishuka weupe kuanzia kope mpaka soksi, na manyunyu yetu yakaanza kuwafanya wagande. Hawakujali. Walikuwa na kocha mwenye daftari. Walikuwa na ishara za vidole! Nikaiangalia timu yangu: Mzee Mbonea amevaa koti la harusi, Baba Nakijwa anamweleza mwamuzi habari za mgomba, na mama amekaa mwisho wa benchi, kadi ya moja ameigeuza maandishi yatazame kifuani.

Rimu la gari, ndiyo kengele yetu ya shule, likagongwa. Ishirini na nne.

Makanya: Kumi, Tisa, Tano, wamesimama. Sisi tuliingia wote. Nikapiga kelele, "Wengine tokeni!" Wakatoka wote.

Moja bila.

Raundi ya pili ilikuwa kumi na tisa. Watu wangu wanane walianza kujadiliana nje ya duara ni nani wa kukaa nyumbani na kwa sababu gani. Mzee Mbonea, kwa kuchukizwa na fujo hiyo, akaingia peke yake katikati ya duara ili apate mahali pa kuwakemea vizuri. Baba Nakijwa akamfuata ndani kumpinga. Kumi na tisa kamili. Bendera ikapanda upande wetu wakati hao wawili bado wanagombana, na nikaona kocha wa Makanya anaandika kitu kwenye daftari na kukikata.

Moja kwa moja. Wanafunzi walirukaruka mpaka uzio ukalala.

Raundi ya tatu, thelathini na moja. Hapa, jamani, tulicheza. Wote walikumbuka. Kumi akaingia, zimebaki ishirini na moja. Nane akaingia, kumi na tatu. Saba, sita. Tano, moja. Imebaki moja! Uwanja mzima ukageukia benchi.

Mama hakuinuka.

Nikaita, "Mama, ingia!" Nikaita tena. Watoto wakaita. Mkuu wa shule akaita. Mama alikunja mikono juu ya kadi yake, akaniangalia moja kwa moja kwa mara ya kwanza baada ya wiki tatu.

"Mnaniita mkipungukiwa," akasema.

Makanya wakamaliza. Mbili kwa moja. Pale uwanjani, mbele ya kamati ya shule, wanafunzi wangu na watu weupe wa jasi, ilijulikana rasmi kwamba Mwalimu na mama mkwe wake hawaelewani. Nilitamani ukungu ushuke zaidi.

Nikaenda kuchuchumaa mbele ya benchi. Nilitaka kulia na nilikuwa na filimbi mdomoni, vitu ambavyo haviendi pamoja. Nikaitoa. Nikamwambia, Mama, kama nimekukosea nisamehe, ila niambie nimekosea wapi. Akanijibu kwamba nigeuke nikaangalie timu yangu, mwamuzi ameshataja namba.

Alikuwa ameshataja kweli. Arobaini na saba. Na timu yangu, ikiwa haina mwalimu, ilikuwa imerudi kwenye asili yake: wote tisa waliobaki wamo ndani ya duara, bega kwa bega, hakuna aliyebaki nyumbani. Nikafumba macho.

Ndipo nikaisikia sauti ya mama juu ya kichwa changu. Ni ile anayoitia mbuzi walioko ng'ambo ya bonde.

"Wote ni hamsini na tano! Wanatakiwa arobaini na saba! Zinazozidi ni nane! Mimi nimekosa, moja. Bado saba. Saba, toka!"

Namba Saba ni kijana wa bodaboda, na ameshazoea kutii sauti za kina mama. Aliruka nje kabla hajajua kwa nini. Mwamuzi akahesabu waliobaki, akahesabu tena kwa kidole, akainua bendera yetu.

Mbili kwa mbili.

Kocha wa Makanya akakata rufaa papo hapo: hao wanaanza na watu wote ndani, si haki. Alikosea mahali pa kufanyia jambo hilo. Mzee Mbonea alitoa mfukoni karatasi ya kanuni, ameifunga kwenye nailoni isilowe, akaisoma yote tangu juu mpaka sahihi, kisha akamuuliza kocha kama angependa kuleta malalamiko yake kwa maandishi na mashahidi wangapi. Kocha akasema basi.

Ya mwisho ilikuwa thelathini na nane. Makanya walianza na wakubwa, kama nilivyofundisha mimi: Kumi, Tisa, Nane, Saba, thelathini na nne. Zimebaki nne. Akaingia Nne, na sekunde hiyo hiyo Tatu na Moja nao wakaingia kutoka upande wa pili, maana nao ni nne. Arobaini na mbili, wote wanasukumana, kila mmoja anamwambia mwenzake atoke.

Upande wetu hakukuwa na haraka. Watu wangu wote tisa walishaingia. Mama alikuwa amesimama sasa nje ya duara, mikono kiunoni.

"Zinazozidi ni kumi na saba," akasema. Akawapitia kwa macho mmoja mmoja. Nina hakika kabisa alikuwa ameshapata jibu na alikuwa anachagua lipi litamfurahisha zaidi, maana angeweza kuwatoa wawili, Kumi pamoja na Saba, na mambo yakaisha. "Nane, toka. Na Tisa. Tisa, wewe, toka!"

Baba Nakijwa alitaka kujua kwa nini yeye. Alitolewa na Namba Sita akiwa bado anauliza. Mama akaingia kwenye duara mwenyewe, taratibu, akageuza kadi yake maandishi yaangalie watu. Mwamuzi akahesabu. Thelathini na nane.

Sufuria lililetwa kwetu likiwa limebebwa na watu wanne, na Mzee Mbonea akalipiga pigo moja kwa fimbo kusikia kama ni zito kweli.

Hii aliyoifanya mama ndiyo mbinu ya nne, na nawapa bure ninyi mliokuja hapa kutafuta mbinu. Jumla inayotakiwa ikiwa kubwa, msitafute wanaoingia. Chukua jumla ya wote, toa inayotakiwa, halafu tafuta wanaobaki nje. Thelathini na nane inataka mtafute watu wengi, lakini kumi na saba ni watu wawili tu. Naijua tangu chuoni. Sikuwafundisha, kwa sababu niliona itawachanganya. Naandika sentensi hiyo na masikio yanawaka moto.

Nilidhani mama atacheka. Hakucheka. Alikula pilau la wageni, akasalimiana na wa Makanya, akavua kadi, akaizungushia kamba yake vizuri na kunirudishia. Tukapanda kurudi nyumbani, yeye mbele mimi nyuma.

Nilivumilia mpaka jikoni. Akiwa anachochea moto nikamuuliza ile hesabu alifundishwa na nani.

"Mfereji," akasema.

Akaendelea kuchochea. Kisha akanieleza, huku akiangalia sufuria, lakini safari hii akinieleza mimi. Siku ya msaragambo Mzee Mbonea hahesabu waliokuja. Waliokuja wanaonekana. Anahesabu wasiokuja, maana ni wachache na ndio wenye maneno. Majembe yote ya kijiji anayo kichwani. Akitoa yasiyofika, anajua mfereji ugawanywe vipande vingapi, kila jembe na kipande chake. Yeye mama amesikia hesabu hiyo tangu akiwa msichana. Na mwaka huu ameisikiliza kwa makini zaidi, kwa sababu kila Jumamosi ya msaragambo kuna jina la nyumba hii linasomwa kati ya wasiokuja.

Nikauliza ni jina la nani. Mimi, mwalimu wa hisabati, mwenye cheti.

"La kwako."

Walioko mjini hawahesabiwi, akasema. Anayelala huku na kunywa maji ya huku, anahesabiwa. Mwanamke akiolewa tu, jembe lake linaingia kwenye jumla. Jina langu likisomwa, mama hujibu, "Yupo, nimesimama mimi," na huchimba kipande chake, kisha huchimba changu. Ndiyo maana sijawahi kutozwa jogoo. Ndiyo maana hakuna mtu aliyewahi kunigusia lolote, wala Mzee Mbonea, maana kwenye hesabu zake nyumba yetu haijawahi kupungua.

Miezi kumi. Mimi kila Jumamosi nateremka na kibegi changu, nampungia mama mkono, naye ananipungia akiwa ameshika jembe. Nilikuwa naliona lile jembe. Nilidhani anakwenda kwenye tangawizi.

Sitaki kuzidisha vipande. Ni mara ya kwanza maishani naikataa hesabu.

"Kule nahesabiwa wawili," mama akasema, bado kwa sufuria. "Nikaja kwako nikawa moja."

Niliuliza kwa nini hakuniambia. Akanishangaa. Akasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, hilo hata Singida si wanalijua? Nikasema tunalijua. Akasema basi alikuwa anangoja niliombe mwenyewe, maana mkwe akipewa jembe bila kuomba ataandika nyumbani kwao kwamba ameolewa kufanywa kibarua. Alingoja wiki, akangoja mwezi, kisha ikawa aibu kuanza kusema. Yeye naye ana kiburi, akakiri. Nikasema wangu ni mkubwa zaidi, wa kusomea. Hapo ndipo alipocheka, kidogo, kupitia puani.

Nimelia. Sikulia vizuri, nililia na kwikwi, na moshi wa kuni ukanisaidia kisingizio ambacho hakuna aliyekiamini.

Nimemtumia Eliamani ujumbe kwamba kesho siteremki, kuna msaragambo. Amejibu baada ya dakika moja: "Kakwambia?" Yaani alijua. Miezi kumi ananipikia chai Jumamosi mjini Same, anajua mama yake yuko mferejini kwa niaba yangu, na anakaa kimya kwa sababu, anavyoeleza sasa, hakutaka kuingilia mambo ya wanawake. Niliandika jibu refu nikalifuta, maana mmoja wa wale saba ni mke wa mchungaji. Nimemwandikia tu kwamba apande yeye kesho, alfajiri, na buti mbili za mvua na mikono miwili.

Nimepiga goti nikamwomba mama radhi, kwa kadi na kwa mfereji. Hajasema amenisamehe. Aliinuka akaenda nyuma ya mlango wa jiko, akarudi na jembe ambalo sijawahi kuliona, bati lina kutu kidogo lakini mpini ni mweupe, haujawahi kushikwa. Akalisimamisha mbele yangu. Akanitazama, akalitazama, akatikisa kichwa.

"Nilichonga mpini huu wiki ya harusi," akasema. "Nilikuwa sijakuona ukisimama. Mfupi huu. Utainama sana."

Sasa ametoka kwenda kukamua, na ameniachia makande niyaangalie yasiungue. Pembe inapulizwa saa kumi na mbili asubuhi. Nitainama.